Taa nne za breki zimewaka kwa mpigo kwenye haibridi yako: kabla hujanunua sensa, pima waya

Hii imeshawatokea wengi wanaoendesha Aqua, Prius, Fielder haibridi, hata Leaf ya umeme mtupu. Asubuhi unatoka vizuri, usiku mvua ilinyesha, unapita kwenye dimbwi moja la kawaida tu, mita mia mbele dashibodi yote inawaka. Taa ya ABS (mfumo unaozuia gurudumu kugandishwa na breki), taa ya gari inayoteleza, taa nyekundu ya breki, na ile ya njano ya breki ambayo kwenye Probox au IST ya kawaida hata haipo. Gari inatembea na breki zinashika, ila pedeli unaisikia imebadilika kidogo. Unaenda kwa fundi, anachomeka mashine, inaandika C0205, anakwambia sensa ya mbele kushoto imekufa kalete nyingine. Unaleta, inafungwa, taa ziko palepale.

Mi nafanya umeme wa magari hapa Dar na kitu hiki kinaniumiza sana, kwa sababu watu wanamaliza hela kwenye vifaa ambavyo havikuwa na tatizo. Kodi ya hitilafu, yaani ile namba inayoandikwa na mashine, haisemi sensa imekufa, hata siku moja. Inachosema ni kwamba kompyuta ya breki haipati taarifa ya kueleweka kutoka kwenye mzunguko wa gurudumu la mbele kushoto. Na huo mzunguko una sensa, una plagi, una waya mbili ndefu zinazopita karibu na shokapu kila siku zikikunjwa na kukunjuliwa, una pete ya sumaku ndani ya beringi, una kompyuta yenyewe na una umeme unaoilisha kompyuta hiyo. Sensa ni kimojawapo tu. Kodi inakupeleka mtaani, nyumba utaitafuta mwenyewe.

Kwanza tuelewe kwa nini zinawaka taa nne wakati kilichoharibika ni kimoja. Kwenye gari ya kawaida sensa ya gurudumu ikizingua inawaka ABS, labda na ya kuteleza, basi, kwa sababu breki zenyewe ni mguu wako, masta silinda, mafuta na pedi, ABS ni msaidizi. Haibridi za Toyota kuanzia Prius ya 2003 hazifanyi kazi hivyo. Ukikanyaga pedeli, katika hali ya kawaida mguu wako hausukumi pedi. Unakandamiza springi na pistoni iliyowekwa pale ili mguu uhisi kama kuna breki, na wakati huohuo sensa ya pedeli inaiambia kompyuta umekanyaga kiasi gani na kwa haraka gani. Kompyuta ya breki inaiuliza kompyuta ya haibridi, wewe kwa sasa unaweza kupunguza mwendo kiasi gani kwa kutumia mota, yaani mota igeuke jenereta ichaji betri. Kompyuta ya haibridi inajibu, na kiasi kinachobaki ndo kinafanywa na mafuta ya breki, ambayo presha yake inatoka kwenye pampu ya umeme na tangi dogo la kuhifadhi presha, mafundi tunaliita akyumuleta. Leaf imepita njia yake, kule kuna mota ya umeme inayosukuma pistoni ya masta silinda, ila wazo ni lilelile: mguu unaomba, kompyuta inagawa kazi.

Sasa fikiria hiyo kompyuta haijui gurudumu moja linazunguka kwa kasi gani. Aqua na Prius nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo mota inapogeuka jenereta inayakaba hayohayo ya mbele tu, na barabara ikiwa na maji gurudumu linaweza kugandishwa na mota likateleza bila pedi hata kugusa diski. Ili kuzuia hilo kompyuta inahitaji kasi za magurudumu yote manne. Ikikosa moja mara nyingi inachagua usalama: inaacha kuchaji kwa breki, inazima ABS na udhibiti wa kuteleza, inawasha kila taa inayohusika. Ndo maana pedeli inabadilika, na ndo maana ukitembea na hizo taa wiki mbili kwenye foleni ya Mandela unaona mafuta yanaisha haraka, na ile mishale ya kuonyesha chaji kwenye skrini haionekani ukikanyaga breki. Haina maana mfumo mzima umekufa. Mtu asikutishe kwa idadi ya taa.

Kitu cha kwanza kabisa napima betri ndogo. Watu wanashangaa, "fundi mi nimekuja na tatizo la breki we unaangalia betri". Haibridi haina altaneta, betri ndogo ya volti 12 inachajiwa na kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa, na mfumo wa breki unakula umeme mwingi ghafla hata kabla gari haijawa READY (tayari kuondoka). Umeshasikia ile sauti ya ziiii ukifungua mlango wa dereva asubuhi? Hiyo ni pampu ya breki inajiandaa, inavuta moto kwenye betri ndogo peke yake. Betri iliyojaa ikiwa imetulia inasoma kama 12.6, ikiwa 12.2 iko nusu, chini ya 11.8 hiyo imekwisha. Lakini namba ya kutulia haitoshi, weka maltimita kwenye betri afu mtu afungue mlango au akanyage breki, uangalie inashuka mpaka wapi pampu ikizunguka. Betri mbovu inaonyesha 12.3 vizuri tu, pampu ikiguna inaanguka vibaya, kompyuta ya breki inaona umeme mdogo inaandika C1241, na kodi nyingine za sensa zinajiandika pembeni kwa sababu sensa nazo zilikosa umeme kwa sekunde. Gari ikiwa READY unategemea uone kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Leaf ndo usiseme, betri ndogo ikichoka inakuletea mkusanyiko wa kodi mpaka unadhani gari imezama baharini.

Baada ya betri ndo mashine. Hapa kuna jambo linalopoteza watu wengi, vile vidude vya bei rahisi vya bluetooth vinavyouzwa Kariakoo vingi vinasoma kodi za P tu, za injini. Breki ziko kwenye C, na mawasiliano ya kompyuta yako kwenye U. Mtu anachomeka, anaona hakuna kodi, anasema gari haina shida wakati taa nne zinamwangalia. Unahitaji skana inayoingia kwenye kompyuta ya breki yenyewe na inayoonyesha data inayotembea. Na tafadhali, andika kodi zote kabla ya kufuta, piga hata picha kwa simu, na kama mashine inaonyesha kumbukumbu ya hali ya gari wakati kodi inajiandika (mwendo ulikuwa ngapi, betri volti ngapi, breki ilikanyagwa au la) piga nayo picha. Fundi anayefuta kwanza afu ndo anauliza tatizo lilianzaje ameshatupa ushahidi.

Kodi zikiwa nyingi usianze na ya juu kwenye listi. Anza na za umeme na za U, sababu hizo zinazaa nyingine. Kwenye Toyota ukiona C1259 au C1310 maana yake kompyuta ya breki inalalamikia upande wa haibridi, kwa hiyo tatizo linaweza lisiwe la breki kabisa, nenda kasome kompyuta ya haibridi kwanza. Ukiona U za kupotea kwa mawasiliano, toa waya hasi wa betri ndogo, pima ohm kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya skana. Inatakiwa isome karibu 60, sababu kuna rezista mbili za 120 kila mwisho wa laini. Ukipata 120 upande mmoja umekatika, ukipata karibu na sifuri waya mbili zimegusana. Baadhi ya magari mapya yameweka kompyuta ya kati (gateway) kati ya soketi na kompyuta nyingine kwa hiyo kipimo hicho hakikuonyeshi laini ya ndani, ila kwa haibridi nyingi zilizojaa mtaani kinafanya kazi.

Haya tuje kwenye sensa ya gurudumu, ndo iliyojaa. Zamani zilikuwa koili ya waya na sumaku, unapima ohm unapata elfu moja na kitu, imeisha. Mafundi wengi walijifunza hapo na bado wanapima hivyohivyo. Sensa nyingi za sasa siyo koili, ndani kuna kielektroniki kidogo kinachosoma sumaku, kina waya mbili, kompyuta inakilisha umeme na chenyewe kinajibu kwa kubadilisha kiasi cha umeme kinachovuta. Nguzo ya sumaku ikipita kinavuta miliampia 7, inayofuata ikipita kinavuta 14, saba, kumi na nne, saba, kumi na nne, kompyuta inahesabu. Ukikipima ohm utapata namba yoyote, leo hii kesho ile, ukigeuza nyaya za maltimita unapata nyingine, na kwa namba hiyo sensa nzima zinatupwa na mbovu zinarudishwa. Acha ohm kwenye sensa ya aina hii.

Ninavyofanya mimi. Naanza na data inayotembea, skana ikiwa wazi kwenye kasi za magurudumu manne, mtu anaendesha taratibu sehemu salama kama 20 kwa saa moja kwa moja. Zote nne zinatakiwa ziende pamoja. Moja ikiwa sifuri muda wote, mzunguko umekatika au sumaku haipo. Moja ikisoma vizuri afu inaruka kwenda sifuri ukikata kona au ukipita tuta, hiyo ni waya, nakwambia hiyo ni waya hata kabla sijavua tairi. Moja ikichelewa kuamka, wenzake wako 8 yenyewe bado sifuri, mara nyingi sensa iko mbali na pete, kutu au uchafu. Na moja ikizidi wenzake kidogo kwa kiwango kilekile kila mwendo, angalia tairi kwanza, labda umefunga saizi nyingine au limeisha.

Afu navua plagi ya sensa, nabonyeza kitufe mara mbili bila kukanyaga breki ili umeme uwepo lakini gari isiwe READY, napima volti kwenye plagi ya upande wa gari kati ya pini mbili. Natarajia kitu kinachokaribia volti za betri kwenye gari nyingi. Zikiwepo, waya na kompyuta kwa kiasi kikubwa ziko hai na unaanza kuishuku sensa, pete au plagi. Zisipokuwepo, sensa mpya haitakusaidia chochote hata ukinunua kumi. Zima gari, toa waya hasi wa betri, vua plagi ya kompyuta ya breki, pima kila waya kutoka mwisho mpaka mwisho: isizidi ohm 1. Pima kila waya na bodi ya gari, na waya kwa waya: hapo isiwe na mawasiliano. Na wakati unapima mtu akate usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, afu inua gari kwa jeki gurudumu lining'inie, afu shusha. Waya wa sensa unakatikaga ndani ukiwa na ganda zima kwa nje, shaba imevunjika lakini plastiki inacheka nayo, gari ikisimama ncha zinagusana, ikikata kona zinaachana. Maltimita inakupa ohm 0.4 na wewe unasema waya mzima, kumbe umepima ikiwa imelala.

Kuna kipimo cha sensa yenyewe ambacho ni rahisi na sijui kwa nini hakifanywi zaidi. Tafuta rezista ya ohm 100, inapatikana kwa mafundi redio kwa bei ya kawaida kabisa. Sensa ikiwa imefungwa palepale kwenye hab (kitovu cha gurudumu), plagi imevuliwa, peleka volti 12 chanya kwenye pini yake ya umeme, pini ya pili ipitie kwenye rezista ndo iende hasi. Pima volti juu ya rezista. Miliampia 7 mara ohm 100 ni volti 0.7, miliampia 14 ni 1.4. Zungusha gurudumu kwa kidole taratibu sana, sababu maltimita ni nzito, utaona 0.7, 1.4, 0.7, 1.4. Ikicheza hivyo sensa nzima na pete nzima, rudi kwenye waya. Ikiganda kwenye moja ya hizo namba haibadiliki, sensa ina uhai ila haioni sumaku. Ikiwa sifuri, geuza pini labda umekosea upande, ikibaki sifuri imekatika. Volti ikipanda sana na rezista ikapata moto, toa haraka, sensa ina shoti. Usipeleke 12 moja kwa moja bila rezista, ukikosea upande unaweza ukaiua wewe.

Sumaku yenyewe iko wapi? Kwenye gari nyingi za sasa siyo meno ya chuma tena, ni pete nyembamba nyeusi upande mmoja wa beringi, inafanana kabisa na sili ya kawaida. Beringi ikigongwa ikaingia kinyume, sumaku inaangalia nje na sensa inaangalia ndani, hazitaonana milele. Gari inaingia gereji kwa sababu beringi inalia, inatoka beringi hailii tena lakini ABS inawaka, na mwenye gari anaambiwa ni sensa. Kabla ya kufunga beringi shika pini ndogo ya karatasi, isogeze kila upande, upande unaoivuta kidogo ndo wa sumaku na ndo unaotakiwa uelekee sensa. Na usiilaze hiyo beringi kwenye benchi lenye vumbi la chuma, linanasa pale na kompyuta inasoma gurudumu lenye kigugumizi.

Kutu nayo. Sisi wa pwani, Kigamboni, Tanga, Unguja, Mombasa, tunaijua, ila kwenye gari za umeme imeongezeka kwa sababu ambayo wengi hawajaifikiria. Mota ndo inafunga breki muda mwingi, pedi hazigusi diski kwa nguvu, hakuna joto la kukausha maji wala msuguano wa kusafisha, basi kutu inakaa kwa amani. Inaingia hata chini ya sensa pale inapokaa kwenye nakali (chuma kinachoshika hab), inavimba, inainua sensa nusu milimita, wakati nafasi nzima kati ya sensa na pete ni kama milimita moja tu. Sensa nzima, waya mzima, kodi ipo. Unavua sensa taratibu bila kuipiga nyundo, unasugua kitako chake mpaka chuma safi, unapaka grisi kidogo, unarudisha.

Kitu kingine ambacho ni cha haibridi na gari za umeme tu ni kelele za umeme. Zile waya nene za rangi ya chungwa zinabeba umeme mkubwa, Aqua kama volti 144 kwenye betri, Prius 201.6, Leaf inakaribia 360, na kifaa cha kubadilisha umeme wa mota kinakata na kuwasha umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde. Waya za sensa zimesokotwa pamoja kama kamba makusudi ili kelele hiyo iziguse zote mbili sawasawa ijifute. Fundi akiunga kwa kuzinyoosha nusu mita, au akapitisha waya mpya karibu na zile za chungwa, kompyuta inaanza kuona kasi ambazo hazipo, hasa ukikanyaga mafuta kwa nguvu kupanda mlima. Kwa hiyo ukiunga, sokota tena, na usifunge kwa solotepu. Tumia bomba linalosinyaa likipata joto, lenye gundi ndani, maana maji yakiingia hapo yanatambaa ndani ya waya yenyewe, unakuta shaba imegeuka kijani sentimita thelathini kutoka sehemu iliyovuja. Mashine za presha za kuoshea magari zikielekezwa kwenye plagi za magurudumu zinafanya kazi hiyohiyo.

Tukiwa kwenye zile za chungwa: sensa zote nilizozitaja hapa ni za umeme mdogo, hakuna sababu yoyote ya kugusa waya wa chungwa kutafuta tatizo la sensa ya breki. Kinachotisha zaidi kwa fundi wa breki ni pampu. Akyumuleta inakaa na presha zaidi ya baa 100, tairi lako lina baa mbili na kitu, sasa pima mwenyewe. Na pampu inaweza kuwaka yenyewe mtu akifungua mlango wakati wewe umefungua kalipa, pistoni ikarushwa au mafuta yakakuruka machoni, au vidole vikabanwa. Kabla ya kufungua kitu, zima gari, funguo ikae mbali, toa waya hasi wa betri ndogo, subiri dakika kadhaa maana Prius ya 2003 mpaka 2009 kwa mfano ina kapasita za akiba za kuilisha breki hata betri ikitolewa. Mi simruhusu mtu kukaa ndani ya gari ya haibridi wakati mkono wangu uko kwenye kalipa. Hata mwenye gari.

Sensa ya pedeli, hiyo ni C1247 kwenye Toyota. Hii ina njia mbili ndani ili moja ikidanganya nyingine iseme ukweli. Unaangalia kwenye skana huku unakanyaga taratibu: volti zote mbili zitembee laini bila kuruka, na uhusiano wao usibadilike. Zikiruka sehemu moja ileile kila mara, sensa imelika hapo. Lakini zikiwa zimeanguka zote kwa pamoja usiilaumu bado, pima ile volti 5 inayoilisha. Volti 5 kwenye magari mengi inagawiwa sensa kadhaa, moja ikiwa na shoti inazivuta zote chini na wewe unaona kodi tatu za sensa tatu. Dawa yake ni kuchomoa moja moja huku maltimita iko kwenye waya wa 5. Ile ambayo ukiichomoa 5 inarudi, ndo mwizi.

Sensa za presha, C1246 na ndugu zake, mara nyingi ziko ndani ya akchueta yenyewe (kile kifaa chenye valvu kinachogawa presha ya breki), haziuzwi peke yake, na hapo ndo maneno ya "badilisha akchueta" yanapoanzia na bei ya kuuza ng'ombe. Inawezekana kweli imekufa. Ila kabla ya hapo pima ardhi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi. Weka ncha moja ya maltimita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa ardhi wa akchueta, volti za DC, pampu ikiwa inazunguka. Ukiona zaidi ya volti 0.2 ardhi hiyo mbovu, kafungue boliti usugue kutu. Kipimo cha ohm hakitakuonyesha hili maana waya wenye nyuzi mbili zilizobaki unapitisha umeme wa maltimita vizuri tu, unashindwa pampu ikidai ampia zake. Na akchueta ikishabadilishwa, hata ya mtumba, lazima valvu zake zifundishwe upya kwa skana, la sivyo C1345 inabaki pale na mtu anadhani kauziwa mbovu.

Na siyo kila kodi ya breki ni umeme. Ukiona C1256, C1391 au C1252, sikiliza pampu kwanza. Gari ipo on, hujakanyaga chochote, pampu ikiwaka kila baada ya sekunde chache presha inavuja ndani au akyumuleta imepoteza gesi yake ya naitrojeni, waya hazihusiki. Juni 2013 Toyota iliita magari kama 242,000 ya Prius na Lexus HS 250h duniani kwa sababu ya akyumuleta hiyo. Na Februari 2010 iliita zaidi ya 400,000, Prius ikiwemo, kwa jinsi breki zilivyokuwa zinasita ABS ikiingia kazini, na pale hakukubadilishwa sensa wala waya, ilikuwa ni kubadilisha programu ya kompyuta tu. Ukinunua Prius ya miaka hiyo kutoka Japani uliza kwa namba ya chesisi kama ilishafanyiwa.

Nimalizie na gari ya mama mmoja wa Mbagala anayekwenda Posta kila siku. Haibridi ndogo, taa nne, C0200, mbele kulia. Alikuwa ameshanunua sensa mbili, ya mtumba na mpya, na gereji ya tatu ilimwambia ni akchueta, akawa anatafuta mkopo kwenye kikoba. Nikamwambia tuzunguke kwanza. Moja kwa moja magurudumu yote yanasoma 20, 20, 20, 20. Akikata kushoto, la mbele kulia sifuri. Akirudisha usukani, 20. Nikamuuliza hii gari imefanywa nini kabla taa hazijawaka, akasema shokapu za mbele, mwezi mmoja kabla taa hazijawaka.

Tukavua tairi. Ile klipu inayoshika waya wa sensa kwenye shokapu haikurudishwa, boliti yake haipo, waya unaning'inia na kila kona unavutwa kama kamba ya nguo. Ganda zima kabisa. Nikaikunja kwa vidole nikahisi sehemu moja laini kama mrija wa juisi, nikapasua, shaba imekatika na imeota kijani. Tulikata sentimita ishirini, tukaunga mpya kila moja mahali pake ili viungo visikae sehemu moja, tukasokota, bomba la gundi, klipu, boliti. Tukafuta kodi, tukaenda mpaka Kongowe na kurudi sababu kompyuta inataka ione magurudumu yakitembea ndo iridhike, na tulipokuwa tunashuka kilima akakanyaga breki mshale wa chaji ukatokea kwenye skrini, akaniambia ana wiki sita hajauona.

Zile sensa mbili aliuliza kama duka litazipokea. Ya mtumba walikataa. Ile mpya ndo iliyokuwa imefungwa pale, ikabaki kwenye gari, na ile ya awali ya kutoka Japani iko kwenye droo yake ya mbele, nimeipima na rezista, 0.7, 1.4, nzima kabisa.